Nepi za Udi

Mzee Gharib wa Kibokoni alikuwa na ugonjwa ambao hospitali zote za kisiwani hazikuwa na dawa yake: ulimi wake ulitangulia mbele kama mpiga tarumbeta, naye mwenyewe akaufuata nyuma amebeba mizigo. Ulimi ndio uliosema kwamba, enzi zake za kuendesha winchi bandarini, aliwahi kuinua kontena la mayai akalituliza chini taratibu, hata vifaranga walioanguliwa humo ndani wasishtuke usingizini. Ulimi ndio uliowaambia watu wa barazani kuwa hajapata kuumwa na mbu, mbu wa Mombasa humwamkia tu wakapita. Na ulimi huo huo, siku bintiye Mahfudha aliporudi nyumbani na mtoto mchanga, ulisema mbele ya watu waliojaa ukumbini:

"Nepi? Nepi nitafua mimi."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kwa ada ya Mji wa Kale, mwanamke akijifungua kifungua mimba hurudi kwa mamake kutimiza arobaini. Hukandwa, hukogeshwa maji ya moto, hunyweshwa supu na uji wa pilipili manga, wala hainami kuokota hata kijiko kilichoanguka. Lakini mamake huyu, Bi Maisara, mkewe Gharib, alikuwa ameteleza ngazini akavunjika mkono, na sasa mkono umo ndani ya plasta umening'inizwa shingoni kwa kanga. Wa kukanda alipatikana, mkunga wa mtaa. Chakula majirani walipeana zamu. Kazi moja tu ilikosa mgombeaji, nayo ni nepi. Na nepi zenyewe lazima ziwe za kitambaa, kwa sababu mtoto Khubaib alipovishwa pampasi za dukani alitutuka vipele matakoni, na daktari akasema mvisheni pamba tupu kama walivyovishwa babu zake.

"Sasa tabu yote hii ya nini?" Bi Firoza aliuliza. Huyu ndiye mamake Owais, mumewe Mahfudha. Watu wa vitambaa, wenye duka Barabara ya Biashara tangu babu yao aliposhuka kutoka Kachi, Bara Hindi. "Mtoto na mamake waje kwangu Kizingo. Nna mashine ya kufulia, nna msichana wa kazi, nna maji. Arobaini ni arobaini, popote ataimaliza."

Bi Maisara akaanza kuchomoa nyuzi za mkeka kwa mkono wake mzima. Gharib akajua mkewe anahesabu siku. Owais alikuwa akifanya kazi Doha, na arobaini ikitimia tu anakuja kumchinjia mwanawe mbuzi wa akika, karamu ya kuzaliwa, kisha anamchukua mke na mtoto waende zao huko. Kurudi, Mungu ndiye ajuaye. Siku hizi chache ndizo fungu lao la mjukuu, basi. Fungu hilo likihamia Kizingo, wao watabaki kuwa wageni wa kunywa sharubati na kuaga.

Hapo ndipo ulimi ulipopiga tarumbeta.

"Wewe?" Bi Maisara aligeuka. "Wewe ambaye hata leso yako ya kupengea nakufulia mimi?"

"Nani aliyefua nepi za Mahfudha?"

"Mimi! Wewe ulikuwa ukiiona nepi kambani wavuka njia, wapita upande wa pili."

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa Bi Firoza, aliyeteremsha miwani akamtazama Gharib kuanzia kofia hadi ndara.

"Haya, Bwana Gharib. Tutaona."

*

Maji ya mfereji Kibokoni yalikuwa kama mgeni wa Ulaya: hayaji mara kwa mara, na yakija hayakai. Kisima cha uani kilikuwa na maji tele, lakini ya chumvi, na chumvi na sabuni ni wake wenza. Gharib alisugua mche wa sabuni mpaka ukabaki kijiti, na povu lililotoka halikutosha kumnyolea panzi ndevu. Alijifunga kilemba puani. Mtoto huyu anyonya maziwa meupe, alijiuliza, mchuzi huu wa bizari anautoa wapi? Akakwangua, akaroweka, akafikicha, akasuuza, akakamua, akapanda nazo darini karai kichwani kama anayempelekea mwali vyombo vyake, akaanika. Watu wa madirisha ya jirani walitoka kutazama. Kuna aliyempigia kigelegele.

Jua la Mombasa halina hiana. Alasiri nepi zote zilikuwa nyeupe pepepe, doa limeliwa. Lakini alipozianua zilikuwa zimekauka kama papa wa ngonda. Moja aliisimamisha ukutani, ikasimama.

Bi Firoza alikuja kukagua. Akaishika nepi kwa vidole viwili, akaigonga kwenye meza. Ikalia.

"Bwana Gharib, hii ni nepi au ni mlango?"

"Ni nepi, Bi Firoza. Yataka kuzoewa tu."

"Aizoee nani, mtoto?" Akaisogeza puani. "Na yanuka kisima."

Alipoondoka, Gharib alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Angetukanwa ukoo, angevumilia. Angeambiwa hajui kuendesha winchi, angecheka. Lakini kunuka? Mtu wa Mji wa Kale, ambaye mkewe hafungui kabati bila mtaa mzima kujua kwa harufu kuwa ni Ijumaa? Hili hapana.

Asubuhi yake alirudi kutoka dukani na chupa kubwa ya dawa ya kulainisha nguo, ile nzito ya waridi. Chupa ilieleza kuwa kifuniko kimoja chatosha karai zima, lakini Gharib aliona vifuniko ni vya watu wasiojiamini. Akamimina mpaka maji yakawa kama faluda. Nepi zikatoka laini, zateleza mkononi kama samaki.

Angeishia hapo angekuwa mtu mwenye akili. Hakuishia. Bi Maisara alikuwa na tenga lake la kufukizia nguo: chetezo chawekwa chini na kaa la moto, udi watiwa, kanzu na mabuibui yatandazwa juu ya tenga yanywe moshi. Gharib akaliteremsha tenga kutoka juu ya kabati. Akatafuta udi, akauona ndani ya mkebe nyuma ya Kurani kubwa. Hakuiba, aliazima. Na tangu siku hiyo, kila nepi iliyoshuka darini ilipitia juu ya tenga, ikafukizwa mbele na nyuma, ndipo ikakunjwa pembetatu na kupelekwa juu kwa Mahfudha.

Nyumba ikanukia hata wapita njia wakawa wanapunguza mwendo. Paka wa Kibokoni, ambao adabu hawana tangu kuumbwa, walianza kupita mbele ya mlango ule polepole wameinamisha vichwa kama wapitao mbele ya mtu anayesali. Gharib akawa hakaliki barazani.

"Matako ya mjukuu wangu," alimwambia jirani yake Sattar, "yanukia kuliko harusi zote ulizozipikia."

Sattar alikuwa mpishi wa shughuli. Hapakuwa na biriani ya harusi mtaani ambayo mkono wake haukuigusa. Alimeza kahawa yake, akasema, "Gharib, binadamu mwenye haya angejivunia kitu chengine."

Bi Firoza naye alipokuja tena alisimama mlangoni, akavuta pumzi, uso ukalainika.

"Mashallah," alisema. "Sasa hii ndiyo nyumba yenye mtoto."

Akaketi, akaomba apewe mjukuu. Alivaa suti ya hariri, rangi ya zambarau iliyoiva. Khubaib akateremshwa, akalazwa mapajani pake katika nepi iliyofukizwa asubuhi ile. Bi Firoza akamwimbia kidogo Kikachi. Gharib alikuwa wima pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuvishwa nishani.

Khubaib akakunja uso. Akawa mwekundu. Akafunguka.

Mkojo ulipita juu ya nepi ile kama abiria asiyekuwa na haja na kituo. Haukusimama, haukuaga, ulishuka wote juu ya hariri, ukapita hariri ukafika kwenye kiti, ukapita kiti ukafika kwenye zulia. Bi Maisara alikimbia na mkono wake mmoja, akamwinua mtoto, akaipapasa nepi.

"Mbona kavu?" alisema. "Nepi kavu!"

"Ni nguvu za mtoto," Gharib alisema haraka. "Huu si mkojo, ni bomba. Nepi haikuwahi."

Bi Firoza alisimama, akishika suti yake mbali na miguu.

"Bwana Gharib, mimi sina ugomvi nawe. Lakini Jumamosi asubuhi naleta gari. Mtoto na mamake watamalizia arobaini kwangu."

*

Usiku huo hauhitaji kusimuliwa. Gharib aliulala kama mtu aliyelala juu ya nazi. Kabla ya kulala, alipopanda juu kuchukua nepi chafu, Mahfudha alikuwa amempakata mtoto, macho mekundu.

"Baba, mie sitaki kuondoka. Nikishakwenda Doha sijui nitarudi lini. Nataka niimalize na mamangu."

"Huendi popote, mwanangu."

"Baba." Alifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Usiseme tu."

Gharib akaziokota nepi chafu moja moja. Akachukua ndoo akashuka.

Alfajiri akatawadha kisimani, maji yanamchuruzika ndevuni, akapapasa kamba kutafuta taulo. Alichokishika kilikuwa kitambaa laini chenye kunukia. Akajifuta uso. Maji yakahama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Akajifuta la kushoto. Yakarudi la kulia. Akajifuta tena kwa nguvu, akawa anayatembeza tu maji usoni mwake kama mchunga mbuzi. Akakiangalia alichoshika. Nepi.

Alisali kwanza, maana Mungu hangoji nepi. Kisha akaitandaza nepi ile sakafuni akaimiminia kata ya maji. Maji yakajikusanya juu yake, yakajiviringa yakawa lulu lulu kama juu ya jani la mgomba, yakateremka ukingoni yakaenda zao. Nyuma ya pipa palikuwa na nepi moja iliyodondoka siku ya mwanzo, haijaonja dawa ya waridi wala haijaliona tenga: ngumu, imekunjamana, yanuka kisima. Akaimiminia. Ikanywa kata nzima ikaomba nyengine.

Gharib akakaa juu ya ndoo.

Wenzio huvumbua ndege, akajiambia. Wenzio huvumbua simu. Wewe Gharib, baada ya miaka yote hii duniani, umevumbua nepi isiyotaka mkojo. Uipeleke wapi? Labda waigeuze mwamvuli.

Ilibidi amwambie mkewe. Alimkuta anajifunga mtandio kwa mkono mmoja na meno.

"Mama Mahfudha, nimelijua linalovujisha. Ni ile dawa ya waridi, na udi. Mafuta yake yameganda kwenye kitambaa, hakinywi tena."

"Udi?" Bi Maisara aliachia mtandio. "Harufu ile nilidhani ni ya nguo zako. Umefukiza nepi?"

"Kidogo."

"Kwa udi upi?"

Gharib akatazama dari kana kwamba dari ndiyo iliyoulizwa. Bi Maisara akaenda nyuma ya Kurani kubwa, akafungua mkebe, akaupindua. Hakuanguka hata unga.

"Udi wangu wa arobaini! Udi alioniletea marehemu dadangu kutoka Makka! Nimeuweka niwafukizie wageni siku mwanangu akitoka, wewe umemfukizia mtoto mavi!"

Mtu huambiwa mkono mmoja haulei mwana. Lakini ule mmoja wa Bi Maisara, ukiwa na ndara, ulitosha kabisa kumlea Gharib kuzunguka uani mara kadhaa. Alipochoka aliketi, akahema, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Mafuta hayatoki kwa maji ya kisima. Yataka maji matamu, tena ya moto yanayotokota, na sabuni tupu. Zichemshe zote, tena na tena, mpaka ziache kunukia. Una leo kutafuta vitu. Kesho Jumamosi."

Sufuria la nyumbani halikutosha hata robo ya nepi zile. Basi Gharib akaenda kwa Sattar.

"Niazime sufuria, jirani."

"La kiasi gani?"

"Lile la harusi."

Sattar aliweka kikombe chini. "Kuna nini kwako?"

Hapa ndipo mtu mwengine angesema: kuna nepi. Lakini Gharib aliutazama uso ule aliouringia kwa wiki nzima, na ulimi ukatoka wenyewe mlangoni.

"Wewe lete tu. Kesho utaona."

*

Baada ya sala ya alfajiri Jumamosi, Kaingu, mchuuzi wa maji, alileta mkokoteni wake umejaa mitungi ya maji matamu. Sufuria halikupita mlangoni, kwa hiyo mafiga yakapangwa uchochoroni nje ya nyumba, kuni zikawashwa. Gharib, shuka kiunoni na fulana ya tundu tundu, akakwangua sabuni ya mche, akazitia nepi, akafunika. Mkupuo wa kwanza ulitokota vizuri. Akautoa, akausuuza mpaka maji yakatoka yalivyoingia, akauanika darini wakati jua likianza kukaza. Akautia wa pili, akashika mwiko mrefu wa Sattar, akawa anakoroga.

Sasa fikiri wewe ni mtu wa Kibokoni, umeamka Jumamosi na tumbo lako. Unasikia harufu ya moshi wa kuni. Unasikia waridi. Unasikia udi. Unachungulia unaona sufuria la harusi, na Gharib, babu ya mtoto mchanga, anakoroga jasho likimtiririka. Utasema nini?

"Mashallah! Akika ya Khubaib!"

Neno hilo lilitoka dirisha hili likaingia lile, na kabla Gharib hajaongeza kuni, uchochoro ulikuwa na watu wenye sahani. Wengine walikuja na bakuli zenye vifuniko, wale wanaojua kuwa shughuli nzuri haikosi cha kubeba. Bibi mmoja alikuja na mkeka wake kabisa.

"Biriani ya kutiwa marashi ya waridi," alisema mmoja, akifumba macho. "Ya kizamani hii."

"Na udi," alisema mwengine. "Mchele wenyewe umefukizwa. Sijapata kuona."

"Sufuria ni langu," Sattar alitangaza, amesimama kifua mbele. "Ingawa kwa nini mpishi si mimi, hilo tutazungumza."

Gharib alikoroga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ulimi ulikuwa umelala chali, na alipouhitaji zaidi haukumsaidia. Kila alipotaka kusema "Jamani", mtu alimjibu, "Usijali, mzee, tutangoja iive."

Na gari halipiti uchochoro ule. Bi Firoza aliliacha barabarani akaja kwa miguu, dereva nyuma yake. Watu wakampisha kwa furaha: mkwe wa heshima, ataanza kupakuliwa yeye. Akafika mbele ya sufuria. Akatazama moto, akatazama sahani, akamtazama Gharib.

"Akika," alisema.

"Bi Firoza..."

"Mjukuu wangu achinjiwa, babake yuko Doha angoja kuja kumchinjia kwa mkono wake, mtaa mzima waalikwa." Sauti yake haikupanda. Akamkabidhi dereva mkoba wake. "Mimi nyanyake naja kupata habari kwa kunusa. Mahfudha! Shuka, mwanangu, na mtoto. Twende."

Juu dirishani Mahfudha alikuwa amesimama, mtoto begani, na Bi Maisara kando yake kashika pazia. Gharib aliona njia mbili. Akikubali ni akika, amemvunjia heshima mkwewe mbele ya watu na mtoto ameondoka. Akisema kilichomo, mtoto labda naye ataondoka, na yeye Gharib itabidi ahamie Malindi, au mbali kuliko Malindi. Akamkabidhi Bi Firoza mwiko.

"Funua mwenyewe."

Bi Firoza akafunua. Mvuke ukapaa, watu wakarefusha shingo. Akachovya mwiko, akauinua, na juu yake ukaning'inia mraba mweupe, wachuruzika, una pini iliyosahauliwa pembeni.

"Hiyo nyama gani?" mtu wa nyuma aliuliza.

"Ni nepi," alisema Gharib.

"Sufuria langu!" Sattar alishika kichwa. "Sufuria langu la harusi! Gharib, mimi Jumapili nna watu mia tano!"

"Ni nepi zote," Gharib aliendelea, kwa sababu sasa alikuwa ameshatumbukia, na aliyetumbukia haogopi umande. "Uliniambia zanuka kisima, Bi Firoza. Nikazitia dawa ya kulainisha, si kifuniko, chupa. Kisha nikazifukiza udi, udi wa watu, tena bila ruhusa. Zikawa hazinywi tena. Kile kilichokumwagikia si mtoto aliyekumwagia, ni mimi. Hapana akika hapa, na haitakuwako mpaka Owais aje. Ukimchukua mtoto, mchukue ukijua: Maisara hana kosa, na mkono wake hauna kosa. Kosa ni la punda huyu mwenye fulana ya tundu."

Bi Firoza aliitazama nepi ikichuruzika kwenye mwiko.

"Ulifukiza nepi," alisema polepole. "Kwa tenga?"

"Mbele na nyuma."

Akageuka akautazama ukuta. Mabega yalimtikisika kidogo. Aliporudi uso ulikuwa mkavu, ila macho yaling'aa.

"Zilizokauka zipo?"

"Zipo darini."

"Sina haja ya maneno yako, Bwana Gharib, maneno yako nayajua. Nenda kavae kanzu yako ya Idi."

*

Walimkalisha ukumbini kwenye kiti cha mikono, ndani ya kanzu nyeupe yenye darizi kifuani, mlango wazi. Watu wenye sahani walijaza kizingiti. Hawakuwa wamepata biriani, lakini waliona si haba. Mahfudha alimnyonyesha mtoto mpaka akacheua. Bi Firoza mwenyewe alichagua nepi, akaivuta, akaifikicha masikioni, akainusa. Haikunukia chochote, jua tu. Akamfunga Khubaib kwa mkono wa mtu aliyekata vitambaa maisha yake yote, akamweka mapajani mwa babu yake. Bi Maisara akamfunika mtoto uso kwa kanga, kwa jicho la watu.

"Ikivuja," Bi Firoza alisema, "ivuje kwako. Na gari liko nje."

Wakangoja. Khubaib alilala. Watu walihamisha sahani kutoka mkono huu kwenda ule. Sattar aliacha kuomboleza, akaja kusimama mbele kabisa.

"Mjukuu wangu," Gharib alinong'ona chini ya kanga, "juzi nilikusingizia bomba. Nisamehe. Leo kojoa. Kojoa upesi, babu yako anazeeka hapa."

Khubaib akapiga mwayo. Akanyoosha mguu. Akakunja uso.

"Aja!" bibi mwenye mkeka alisema.

Gharib alihisi joto. Akafumba macho, akangoja lile joto lianze safari, lishuke pajani, lifike gotini, na nyuma yake aone gari la Kizingo likiondoka na mtoto. Joto likakaa palepale. Kitambaa kikawa kizito, kizito zaidi, kikatulia kama paka aliyeshiba. Bi Firoza akamwinua Khubaib, akamkabidhi mamake, akainama juu ya kanzu ya Idi akiwa ameteremsha miwani. Akaipapasa hapa, akaipapasa pale.

"Kavu," alisema.

Vigelegele vilivyotoka mlangoni havijasikika Kibokoni hata kwa bibi harusi. Mahfudha alimshika mamake kiunoni, wakasimama hivyo. Bi Firoza aliwaangalia kitambo. Kisha akamwita dereva.

"Nenda nyumbani. Mwambie msichana anifungie nguo zangu. Na dawa zangu, na mto wangu wa mgongo."

"Mto wa nini, mkwe wangu?" Gharib aliuliza.

"Mtoto atabaki kwa bibi yake. Mahfudha yuataka mamake, na mimi nna macho, naona. Lakini mtu aliyefukiza nepi udi siwezi kumwachia mjukuu wangu peke yake. Nakaa hapa mpaka arobaini. Na hawa watu wametoka na sahani zao. Dereva, ukirudi pitia viazi vya karai na maji ya ukwaju, ulete vingi."

"Chumba kipo," Bi Maisara alisema kwa furaha ambayo Gharib hakuiona kwake tangu mkono uvunjike. "Chumba cha babake Mahfudha kina upepo. Yeye atalala ukumbini."

Jioni ile Gharib alikuwa darini, peke yake na kamba. Chini uani wazee wawili wa kike walikaa kwenye viti, juzuu mbili za kitabu kimoja, wakinywa chai.

"Zinyooshe pembe, Bwana Gharib!"

"Pini ziondoe kwanza, zitaota kutu!"

"Ile ya mwisho irudie, naiona kutoka hapa!"

Akaiteremsha, akaikung'uta, akaianika upya. Kwenye dirisha la juu, Mahfudha alikuwa akimwonyesha mtoto yule mtu mwenye nepi begani na midomo imejaa vibanio, akicheka mpaka ikabidi ashike ukingo wa dirisha. Gharib alitaka kumjibu jambo, jambo kubwa, lenye kontena ndani yake. Lakini kinywa kilikuwa na vibanio. Akaendelea kuanika.